Paka wa Lamu kwenye basi la Malindi: kumtunza nyumbani na kumfikisha salama

Kama safari yako ni ya siku tatu nne, mwache paka nyumbani. Nimekaa miaka mingi kwenye dirisha la kukatia tiketi hapa Malindi, kazi yangu ilikuwa kupandisha watu gari, na bado hilo ndilo jibu langu la kwanza kwa kila anayeniuliza. Paka ni wa nyumba kabla hajawa wa mtu. Akibaki kwetu Langoni, mtaa wa Lamu, na bakuli lake, mchanga wake na baraza lake, na jirani akampitia asubuhi na jioni, atakuulizia kidogo kisha alale. Ukimbeba kuja Malindi na kumrudisha juma hilo hilo, umemtia hofu mara mbili kwa jambo asilolihitaji.

Ila jirani umchague. Si kila anayesema "nitamwangalia" huangalia. Mwambie waziwazi: maji yamwagwe na kutiwa mengine kila siku, sahani ioshwe, na paka mwenyewe aonekane kwa macho. Asiridhike kwa kuona chakula kimeisha, maana chakula cha uani huliwa na paka wa mtaa mzima. Hadithi ya Mtume ya yule mwanamke aliyeingia motoni kwa kumfungia paka, asimlishe wala asimwachie ajitafutie, sote tulisomeshwa chuo cha Kurani. Na milango ya nyumba za Lamu, mwaijua ilivyo mizito.

Wanaolazimika kusafiri na mnyama ni anayehama, anayeolewa mbali, anayempeleka kwa daktari, au anayekwenda kukaa muda mrefu kama mimi. Nyumba ya mama yangu iko Langoni, na yangu iko Shela, namaanisha Shela ya Malindi, si ile ya Lamu kwenye michanga. Paka wangu Mawardi anazijua zote mbili. Kwa watu wa aina yangu ndio naandika, na neno langu kubwa ni hili: safari hiyo barabara haimsumbui mnyama kama joto na hofu vinavyomsumbua, na vyote viwili hutafutiwa dawa nyumbani, majuma kadhaa kabla ya kukata tiketi.

Nyumbani kwanza

Mnyama dhaifu hasafiri, kwa hivyo tuanze na sahani yake. Sisi wa pwani tunalisha paka samaki, na samaki ni chakula kizuri, lakini mpikie. Baadhi ya samaki wakiwa wabichi wana kitu kinachoharibu vitamini B1 mwilini, na paka anayewala wabichi kila siku kwa muda mrefu huanza kuyumba na kutetemeka. Moto unakiondoa kitu hicho. Chemsha bila chumvi, bila pilipili, bila kitunguu. Miiba itoe kwa kupapasa kwa vidole, usitegemee macho. Na ile supu usiimwage. Paka anahitaji taurini, ambayo mwili wake haujitengenezei ya kutosha, na ukichemsha samaki au nyama sehemu ya taurini hubaki majini. Changanya nyama ya samaki, supu yake na wali kidogo, na mara kwa mara umtilie moyo wa kuku. Wali mtupu wenye harufu ya samaki haumtoshi paka, ijapokuwa wako paka wengi wa gatini waliokulia huo huo.

Samaki ambaye asiguswe hata akipikwa vipi ni bunju. Sumu yake haivunjwi na moto. Wavuvi wanamjua, humtoa wavuni wakamtupa mchangani, na akitupwa karibu na nyumba paka ndiye wa kwanza kumfikia. Ukiishi ukingoni mwa pwani, waombe jamaa wamfukie.

Pilau na mchuzi wa jana vina vitunguu na saumu, na hivyo huharibu damu ya paka na ya mbwa pia. Maziwa huwaharisha paka wengi wakishakua. Mifupa ya kuku iliyopikwa huvunjika vipande vyenye ncha kali, usimpe mbwa hata akikuomba kwa macho.

Maji ni somo lenyewe kwetu. Visima vingi vina chumvichumvi, na mnyama huyanywa kwa shingo upande au hayanywi kabisa, kisha mkojo wake unakuwa mzito. Kanuni yangu ni nyepesi: yaonje. Ukiyatema, usimpe. Bakuli liwe la udongo au la kauri, likae kivulini, mbali kidogo na sahani ya chakula. Miezi ya kaskazi, kuanzia Januari joto linapopanda mpaka mvua za masika zinapokaribia, mimi huweka bakuli mbili, moja chini na moja darini, kwa sababu Mawardi akishapanda juu hashuki kwa ajili ya maji.

Kwa choo, beseni la plastiki na mchanga wa pwani uliooshwa chumvi vinatosha. Mchanga uwe na kina cha vidole vinne hivi, uzoe kila siku. Nasema kila siku kwa sababu mavi ya paka huweza kuwa na vijidudu vya toksoplazma, ambavyo huhitaji siku moja au zaidi nje ya mwili wake kabla ya kuwa na nguvu ya kuambukiza. Ukizoa leo, umevitangulia. Mwanamke mja mzito asiushike mchanga huo, amwachie mumewe.

Viroboto. Watu hummwagia mnyama mafuta ya taa. Tafadhalini, acheni. Yanamchoma ngozi, na anapojilamba anayanywa. Kupe wa mbwa naye hang'olewi kwa mafuta wala kwa kiberiti. Mshike kwa kibano karibu kabisa na ngozi, mvute moja kwa moja bila kupinda, mtie kwenye maji ya sabuni. Viroboto vya paka vichane kwa kitana chenye meno ya karibu, kila baada ya mapito machache ukichovye kwenye maji ya sabuni. Kisha shughulikia mkeka, godoro na leso anayolalia, kwa kuwa mayai na watoto wa viroboto wengi hukaa huko, hawakai kwenye manyoya. Osha, anika juani, fagia pembe za chumba. Ukinunua dawa ya unga au ya matone dukani, soma pakiti. Dawa za mbwa zenye permethrini humuua paka, na muuzaji wa dawa za mifugo aliyezoea ng'ombe na mbuzi huenda asilikumbuke hilo.

Na kabati lako la dawa lifunge. Kidonge kimoja cha panadol cha miligramu 500 kinaweza kumuua paka mzima. Ini lake haliwezi kuivunja dawa hiyo. Ufizi hugeuka rangi ya udongo, uso huvimba, pumzi zinakata. Nimewaona watu wema kabisa wakimsagia paka mwenye homa nusu kidonge kwenye samaki, kwa kuwa ndivyo wanavyomfanyia mtoto. Vilevile ile dawa ya kuua viini ambayo ukiitia kwenye maji hugeuka nyeupe: ukipiga deki nayo, paka akapita, akajilamba nyayo, ameinywa. Deki ya nyumba yenye paka iwe ya sabuni ya kawaida na maji mengi.

Chanjo ya kichaa cha mbwa haina mjadala. Kwetu Lamu utasikia kwamba hayo ni mambo ya mbwa na bara huko. Paka hukipata, punda hukipata, na sisi pia. Mnyama huchanjwa akiwa na umri wa miezi mitatu, kisha hurudiwa kila mwaka, na daktari wa mifugo atakupa kadi. Kadi hiyo isafiri nawe. Kenya imejiwekea lengo la kumaliza vifo vya watu vinavyotokana na ugonjwa huu ifikapo 2030, na hatutafika huko kwa kubishana barazani. Ukiumwa au ukiparuzwa na mnyama usiyemjua, iwe njiani au nyumbani, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 kamili, kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo. Dalili zikishaanza, dawa hakuna.

Kuhasi dume na kufunga kizazi cha jike kufanywe mapema, karibu na miezi mitano. Paka jike hushika mimba akiwa bado anaonekana mtoto, na dume asiyehasiwa ndiye atakayenyunyizia mkojo kikapu chako cha safari.

Kikapu

Hapa ndipo watu wanapokosea pakubwa, na hapa ndipo nitakapokaa. Mtu ana safari Jumamosi. Ijumaa usiku anatafuta boksi la sabuni. Boksi likilowa mkojo, chini yake inafunguka. Gunia ndilo baya zaidi: mnyama haoni, hapati hewa, na akiwekwa chini abiria hawajui kama kuna roho ndani. Sheria ya Kenya ya kuzuia ukatili dhidi ya wanyama, Sura ya 360, inamkataza mtu kumbeba mnyama kwa namna inayomtesa, na gunia kwenye basi la joto sijui utalitetea vipi.

Ukipata kile kizimba cha plastiki chenye mlango wa wavu, hicho ndicho bora. Usipopata, tenga la kuku lililosukwa vizuri linafaa, mradi mlango wake ufungwe kwa kamba mahali pawili, na ndani usibaki ukuti uliochongoka. Kipimo chake: paka asimame bila kuinama, ageuke, alale. Kisizidi hapo. Chumba kikubwa humrusha huku na huku kila gari linapofunga breki.

Sasa kiweke kikapu nyumbani, mlango wazi, majuma mawili kabla ya safari, na zaidi kama una nafasi. Kisifichwe stoo kikatolewa siku ya safari tu, kwa sababu paka si mjinga. Akikiona mara moja kwa mwaka atajua ni cha nini. Tandika leso kuukuu uliyoivaa wewe, usiifue. Siku za kwanza mwekee chakula mlangoni mwa kikapu, kisha ndani kidogo, kisha mwisho kabisa. Akishazoea kulala humo mchana, funga mlango dakika moja ukiwa umekaa naye, fungua. Kesho dakika tano. Halafu kinyanyue, zunguka nacho ukumbini, shuka ngazi, rudi. Halafu nenda nacho hadi ukingo wa bahari ukae nacho kwenye kivuli.

Paka wa Lamu ana shida ambayo paka wa Malindi hana: hajui gari. Bodaboda zimeingia mjini, sawa, lakini katika vichochoro vyetu mlio mkubwa wa kila siku ni wa punda na wa adhana. Mlio wa injini ya basi linalonguruma gatini Mokowe, bara ng'ambo ya kisiwa chetu, kwake ni kama mwisho wa dunia. Kwa hiyo ukiweza, vuka naye siku moja kabla ya safari yenyewe, kaa kando ya magari nusu saa, kikapu kikiwa kimefunikwa leso pande tatu, kisha mrudi nyumbani mle samaki. Watu watakucheka. Waache.

Siku ya kumtia, usimsukume kichwa mbele. Akiona shimo mbele yake atatawanya miguu yote minne kwenye mlango, na hapo utapata mikwaruzo. Simamisha kikapu wima, mlango ukiangalia juu. Mfunge paka kwa leso mwilini, miguu ya mbele ikiwa ndani, kichwa nje. Mkono mmoja chini ya kifua, mwingine umebeba makalio. Mshushe kwa miguu ya nyuma kwanza, kama unayemtia mtoto kwenye karai la kuogea, leso na yote, kisha funga mlango na ndipo ulaze kikapu polepole. Ikiwa ana mkanda wa kifuani, mvalishe kabla, na kamba yake iingie ndani pamoja naye.

Alfajiri, boti na gatini

Chakula cha mwisho kiwe saa nne hadi sita kabla ya gari kuondoka. Magari ya Mokowe hutoka mapema, kwa hivyo anachokula usiku kinatosha. Maji usimnyime. Kitoto cha paka au cha mbwa hakivumilii njaa kama mkubwa. Hicho kipe kidogo kidogo njiani. Dawa za usingizi za watu usimpe. Kama paka wako ni wa kuchafuka tumbo na kutokwa udenda, au hofu yake ni ya kujiumiza, daktari wa mifugo ana dawa ya kumpa kwa uzito wake, na ajaribiwe nyumbani siku za nyuma ili ujue inamfanyaje.

Kwenye boti, kikapu kipakatwe. Kisifungwe kwenye mbao za boti kwa kamba. Mabaharia watakushauri ukifunge ili kisiteleze, kwa nia njema, lakini chombo kikipinduka kilichofungwa huenda nacho. Wewe vaa jaketi la kuokolea. Siku za bamvua maji yakiwa yametoka, ngazi za gati hubaki ndefu na zina utelezi wa kijani. Usishuke na kikapu mkononi. Mpe baharia aliye chini, naye akipokee kwa mikono miwili kutoka kitako. Mwambie hivi hivi: "Mwanangu, shika chini, usishike mpini." Mpini wa plastiki ndio unaovunjika. Wakati wa kusi bahari ikichafuka, funika upande wa upepo ili asilowe maji ya chumvi, maana atayalamba.

Kwenye basi

Zungumza na wenye basi siku ya kukata tiketi. Ukingoja alfajiri, makanga ana abiria arobaini na mizigo, na jibu lake ni moja. Nimelisikia mara nyingi: "Mama, paka ni mzigo, aende buti." Mimi humjibu, "Mzigo hauvuti pumzi, mwanangu." Buti ni tanuri, lina moshi na magunia yanayoporomoka. Mnyama haingii humo. Ukiambiwa hakuna njia nyingine, kata tiketi gari jingine, au kusanyeni watu wanne mkodi gari dogo. Kiti cha ziada kwa ajili ya kikapu, ukiweza kukilipia, ni pesa iliyotumika vizuri.

Chagua kiti cha katikati. Mbele kuna joto la injini, na nyuma mnarushwa. Na chagua upande. Kutoka Mokowe basi hupita Hindi, Witu na Gamba likielekea magharibi, jua la asubuhi likiwa mgongoni. Likifika Minjila linakata kusini kuja Malindi, na kuanzia hapo jua huwapiga walio kushoto. Kaa kulia, upande wa dereva. Watu wanagombania dirisha la kushoto wapunge upepo, na mpaka Marereni wameshafunga pazia.

Chini ya kikapu tandika plastiki, juu yake magazeti, juu yake leso. Chukua leso nyingine mbili, mfuko wa kutilia zilizochafuka, chupa ya maji aliyoyazoea, kibakuli, na bomba la sindano lisilo na sindano la kumtonesha maji pembeni mwa mdomo. Funika pande tatu, upande mmoja uache wazi kwa hewa, na huo uwe umekuelekea wewe. Akilia mwanzoni, usimfungulie. Ongea naye kwa sauti ya kawaida. Wengi hunyamaza injini ikishashika mwendo wa aina moja. Jirani yako wa kiti msalimie kwanza na umwambie una paka. Wapo watu ambao manyoya huwabana kifua, na ni haki yao kuhama kabla ya gari kujaa.

Kuna vituo vya ukaguzi. Abiria hushuka, vitambulisho hutolewa, mizigo hupekuliwa. Askari ana haki ya kujua ndani ya kikapu mna nini, na wewe usimkasirikie. Mwambie mapema, "Afande, ndani mna paka, naomba nikuonyeshe garini," kisha fungua upande wa wavu aone. Akitaka kifunguliwe kabisa, milango na madirisha ya gari yafungwe kwanza, kamba ya mkanda wa kifuani uiviringishe mkononi, ndipo ufungue. Nje ya gari, kamwe. Paka wa Langoni akikimbilia vichaka vya Gamba hutampata, na basi halitakungoja.

Joto

Minjila na Garsen hazina upepo wa bahari. Gari likisimama hapo, joto ndani hupanda kwa kasi ambayo mtu aliyezoea baraza la Lamu haitarajii. Nje kukiwa na nyuzi 30, gari lililofungwa madirisha hukaribia 40 ndani ya dakika 10 tu. Kwa hivyo ukishuka, shuka naye. Usimwachie mtu, na usimwache kwenye gari dogo ulilokodi eti unanunua maji mara moja.

Mbwa akipata joto huhema, hiyo ndiyo kazi ya ulimi wake. Paka akihema mdomo wazi kama mbwa, hiyo ni hatari. Joto la kawaida la paka na mbwa ni nyuzi 38 hadi 39 hivi. Likipita 40 yuko hatarini, na likizidi kupanda viungo vya ndani vinaanza kuumia. Dalili ni kuhema kusikokoma, ufizi mwekundu sana, udenda mzito, kuyumba, kutapika, macho kutotulia. Usingoje zote. Mpeleke kivulini, mloweshe tumbo, mapaja kwa ndani, nyayo na masikio kwa maji ya kawaida, na umpepee kwa kipepeo au gazeti. Upepo juu ya maji ndio unaopoza. Usimfunike leso iliyolowa ukaiacha, kwani ikishapata joto lake inalizuia lisitoke. Barafu nayo usimgandamizie. Mwekee maji anywe mwenyewe kidogo kidogo. Aliyelegea usimmiminie kooni. Hata akiamka na kuonekana mzima, daktari amwone, maana figo huonyesha madhara baadaye.

Njia ya kukwepa yote haya ni kusafiri alfajiri, na kutosafirisha mnyama mchana wa Februari na Machi kama una hiari.

Mbwa

Mimi si mtu wa mbwa, lakini mwanangu ana wawili shambani Gongoni, na wanasafiri kuliko mimi. Nyuma ya pikapu, mbwa asifungwe kwa shingo. Akiruka nje hujinyonga gari likienda. Mkanda uwe wa kifuani, na kamba iwe fupi: aweze kulala, asifikie ukingo. Bati la pikapu juani linaunguza nyayo, kwa hivyo litandikwe mkeka au magunia. Kwenye tuktuk akae sakafuni kati ya miguu yako. Bodaboda haifai. Kichwa dirishani kinapendeza kwenye picha. Barabarani ni vumbi na mawe ya machoni. Kila saa mbili asimamishwe anywe maji na akojoe, akiwa kwenye kamba. Ukimfunga mdomo kwa kitambaa hawezi kuhema, na mbwa asiyehema kwenye joto atakufa. Kama lazima afungwe, kiwe kile kizuizi cha mdomo cha wavu kinachomruhusu kufungua mdomo. Mbwa wenye pua fupi, wale wanaokoroma wakiwa macho, wasisafiri kabisa mchana.

Ukimleta Lamu, mwambie mwenyeji wako kabla hujavuka, umshike kwenye kamba vichochoroni, na umpishe anayekwenda msikitini na udhu wake. Kichochoro ni kimoja, na punda hampishi mtu wala mbwa. Pwani usimwache anywe maji ya bahari. Ataharisha, na akinywa mengi chumvi humlewesha.

Anayevuka Lunga Lunga kwenda Tanzania ana kazi zaidi: cheti cha afya kutoka idara ya mifugo na kibali cha kuingiza mnyama upande wa pili, mbali na kadi ya chanjo. Anza kuulizia mapema.

Mkishafika

Ukiona mashamba ya chumvi ya Marereni na Gongoni umekaribia, lakini usifungue kikapu kwa furaha. Fungua ukiwa ndani ya chumba kimoja kilichofungwa, chenye maji, mchanga na ile leso isiyofuliwa. Fungua mlango wa kikapu, kisha utoke. Atajificha chini ya kitanda, pengine siku nzima. Watoto wazuiwe kumvuta. Chakula kiwe kile kile cha nyumbani. Kubadilisha mji na kubadilisha sahani siku moja ni kumwonea.

Mambo mawili uyatazame kwa makini. La kwanza, kula. Paka asiyegusa chakula kwa zaidi ya siku moja aonwe na daktari, hasa aliye mnene, kwa kuwa mafuta yake mwenyewe hukimbilia ini na kulidhuru. La pili, mkojo. Dume anayeingia mchangani mara kwa mara, anachuchumaa, analia, na hakitoki kitu, njia yake imeziba. Hofu ya safari na kutokunywa maji huweza kulichochea. Huyo hangoji kesho.

Malindi si Lamu. Tuktuk hazina breki za huruma. Mzuie ndani majuma mawili matatu mpaka harufu ya nyumba iwe yake. Siku ya kumtoa mara ya kwanza mtoe kabla ya chakula cha jioni, tumbo tupu, mlango ukiwa wazi nyuma yake na wewe ukiwa umekaa hapo hapo na sahani.

Na wakati wa kurudi Lamu, ukiondoka asubuhi, jua litakuwa kulia mpaka Minjila, basi kata tiketi ya kushoto. Kabla hujaondoka, mpigie simu baharia wako umuulize maji yatakuwaje Mokowe saa mtakayofika.